Ukitoa, Mzee Anakaa

Mzee ametoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akiswaga ng'ombe kwenda mnadani, mwendo wa kilomita 4 kwa saa. Saa mbili kamili kijana wake anamfuata kwa baiskeli, njia ile ile, mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Atamkuta saa ngapi?

Kila mwalimu wa hisabati ana fumbo lake la namna hii. Vitabu vingi vina magari mawili, mji A na mji B. Mimi nafundisha shule ya msingi wilayani Hanang, upande wa Endasak, na watoto wangu hawajawahi kufika mji unaoitwa A, kwa hiyo nawaandikia ng'ombe na mnada. Ufumbuzi wake ni mistari mitatu. Kijana anapoanza safari, mzee ameshakwenda saa mbili, kwa hiyo yuko kilomita 8 mbele. Mwendo wa kijana toa mwendo wa mzee: 12 kutoa 4, unabaki 8. Umbali wa kilomita 8 ugawanye kwa 8, unapata saa moja. Saa tatu asubuhi watakuwa pamoja, kilomita 12 kutoka nyumbani.

Binti mmoja wa darasa la saba, mtoto wa wafugaji wa Kibarbaig kutoka upande wa Ziwa Balangida, alinyoosha mkono fumbo likiwa bado ubaoni. Kwanza alitaka kujua ng'ombe wamekunywa maji wapi. Nikamwambia kwenye fumbo hili hawanywi. Wenzake wakacheka. Yeye aliendelea kutazama ubao, kalamu mkononi, uso haukubadilika. Akasema: "Mwalimu, sielewi kwa nini tunatoa. Ukitoa, ni kama mzee amekaa. Na mzee hajakaa, anatembea tangu alfajiri."

Mtoto huyo alijua kutoa. Zoezi lote alipata. Alichokuwa anauliza kilikuwa kizito zaidi ya zoezi: hesabu ina haki gani ya kumkalisha mtu ambaye miguu yake inauma? Nimelibeba swali hilo darasani, na nimelibeba kanisani ninakofundisha shule ya Jumapili, na sasa naamini kwamba katika yote tunayofundisha hadi darasa la saba hakuna linalomgusa mtu mwenye imani kuliko hili.

Nianze kwa kuitetea hesabu, maana inastahili kutetewa.

Barabara ya lami kati ya Babati na Katesh ina kilomita 75 hivi. Tuseme bodaboda imetoka Katesh kwa kilomita 70 kwa saa, na wakati huo huo basi limetoka Babati kwa kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha basi kisheria. Hawa wanakwenda kukutana, kwa hiyo tunajumlisha: 150. Baada ya nusu saa watakuwa mahali pamoja. Lakini sikilizeni, nawaambia watoto, hiyo 150 ina maana gani. Kwa mwenye bodaboda, basi haliji kwa 80. Linakuja kwa 150, zaidi ya mita 41 kila sekunde. Akiliona mita 200 mbele yake wakati ameshahamia kulia ili alipite lori, amebakiwa na sekunde zisizofika 5. Kijana asiyeijua hesabu hii anatazama mshale wa pikipiki yake, anaona 70, anadhani muda anao. Somo hili lingeweza kufutwa kwenye mitihani yote ya taifa na bado ningelifundisha.

Ina heshima ya zamani pia. Karne ya 5 kabla ya Kristo Mgiriki mmoja aitwaye Zeno alidai kwamba mkimbiaji hodari Achilles hawezi kamwe kumkuta kobe aliyetangulia. Mweke kijana wetu mahali pa Achilles na mzee mahali pa kobe. Kijana anatumia dakika 40 kufika pale mzee alipokuwa. Mzee naye kwa muda huo amesogea kilomita 2 na theluthi mbili. Kijana anatumia dakika 13 na sekunde 20 kufika hapo, na mzee ameshasogea tena. Kisha dakika 4 na sekunde 27 hivi, na mzee hayupo tena. Kila ukifika, ameondoka, na vipande havina mwisho. Wanafalsafa wameandika vitabu juu ya jambo hilo. Mtoto wa Endasak anatoa 4 kwenye 12 na kukuambia saa tatu asubuhi. Vile vipande visivyo na mwisho, ukivijumlisha vyote, vinafika dakika 60 kamili na haviongezeki hata sekunde.

Kwa nini kutoa kunafaulu? Kwa sababu kunatuhamisha. Zeno anatazama akiwa kando ya njia. Anayetoa ameondoka kando ya njia, amekwenda kutazama kutoka alipo mzee. Ukitazama kutoka alipo mzee, mzee hasogei. Ardhi ndiyo inarudi nyuma kwa kilomita 4 kwa saa, na kijana anakuja kwa 8. Kwa hiyo binti yangu alisema kweli tupu. Ukitoa, mzee anakaa. Hiyo ndiyo kazi ya kutoa.

Sasa nenda ukasimame kwenye njia hiyo na saa yako, upime kila anayepita. Utampata mtu wa 4 na utampata mtu wa 12. Mtu wa 8 hutampata. Ile 8 haiko miguuni mwa mzee wala kwenye pedali za kijana. Iko kati yao, na wakiachana inapotea. Na mzee naye akipanda baiskeli akaenda kwa 12, ile 8 inakuwa sifuri, ingawa wote wawili wanatoka jasho. Wote wawili wakikaa chini ya mgunga, bado ni sifuri. Namba hiyo haiwezi kutofautisha watu wawili wanaopanda mlima na watu wawili waliolala. Inajua pengo, haijui safari.

Mtu anaweza kuniambia: Mwalimu, basi tupime kutoka ardhini, ardhi imesimama, yaishe. Natamani ingekuwa hivyo.

Mwaka 1632 Galileo alichapisha kitabu ambamo anamwomba msomaji ajifungie ndani ya chumba cha chini cha meli kubwa pamoja na vipepeo, samaki kwenye bakuli, na chupa inayodondosha maji tone kwa tone. Meli ikiwa imetia nanga, vipepeo wanaruka kila upande sawa na matone yanaanguka wima. Meli ikienda kwa mwendo usiobadilika, bila kuyumba, hakuna hata kimoja kitakachobadilika. Aliyefungiwa humo hawezi kujua kama anakwenda au amesimama. Galileo alikuwa akiwajibu waliosema kwamba kama dunia ingezunguka tungeona. Katesh iko nyuzi 4 na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Kwa mzunguko wa dunia, madawati ya darasa langu na watoto waliokaa juu yake yanakwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Juu ya hapo dunia nzima inalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde. Mzee aliyekaa kibarazani anavuta ugoro wake ana mwendo kuliko ndege yoyote ya abiria. Hauhisi kwa sababu kiti, nyumba na mlima vinakwenda naye sawasawa.

Kwetu hasa ni Mbulu, Dongobesh. Bibi zetu wa Kiiraqw walimwomba Looaa na kumwona katika jua, ambalo kila siku lilitokea upande wa Bonde la Ufa na kuzama upande wa Yaeda. Hawakudanganyika. Kwa aliyesimama Kainam, jua linakwenda na yeye amekaa. Copernicus alipohamishia macho yake kwenye jua, akaandika mwaka 1543 kwamba dunia ndiyo inayokwenda, alibadilisha mahali pa kutazamia, na hesabu zikawa na maana zaidi. Lakini jua nalo halikukaa. Linazunguka ndani ya kundi lake la nyota. Ukitafuta kitu kilichosimama kabisa ili wengine wote wapimwe kwacho, unaendelea kutafuta.

Hapa Hanang tulikuwa na mlima. Unazidi mita 3,400, na kila maelekezo yetu yanaanzia kwake: nyumba iko chini ya mlima, mvua imetoka mlimani, geuka mlima ukiwa kushoto kwako. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na miti vilishuka hadi Katesh, Jorodom na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sitaandika fumbo juu ya jambo hilo, na nimewaomba walimu wenzangu wasiandike. Nalitaja kwa sababu ya maswali yaliyokuja makanisani baadaye. Watu walikuwa wameimba tangu utotoni juu ya Mungu aliye mwamba, na picha waliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ule mlima. Ulipotembea, wengine waliona kwamba na Mungu amesogea. Zaburi ya 46 ilishazungumza zamani habari za milima kuondoka mahali pake. Haikuahidi kwamba haitaondoka. Imani iliyojengwa juu ya mlima kukaa kimya ilikuwa imani kwa mlima.

Basi kama hakuna kilichosimama, mahali pa kutazamia tunapachagua wenyewe. Anayetoa anachagua nani akalishwe. Na mtu anayechagua anaweza kuulizwa kwa nini amechagua hivyo.

Mfano ninaoujua wa jambo hili ni wa mwana wa Mbulu, John Stephen Akhwari, aliyezaliwa mwaka 1938. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico. Kabla ya nusu ya njia aliangushwa katika msongamano wa wakimbiaji, goti likaumia na kuteguka, bega likagonga barabara. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza likianza, watu wengi wameshaondoka, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza walikuwa 57, na yeye alikuwa wa 57.

Huwa nalipeleka hilo darasani kama fumbo, kwa sababu namba zake ni za kweli. Kilomita 42.195 zigawanywe kwa muda wa kila mmoja. Wolde anapata kilomita 18 kwa saa, Akhwari 12.3. Toa: 5.7. Ukimkalisha Wolde, ukatazama kutoka alipo yeye, Akhwari alikuwa anarudi nyuma kwa kilomita 5.7 kila saa, tangu mwanzo hadi mshindi alipokata utepe. Kwa wastani huo, Wolde alipomaliza, mwenzake alikuwa na kilomita 13 na zaidi mbele yake. Sasa mkalishe mmoja wa wale 18 walioacha njiani. Hapa hakuna kazi ya kumkalisha, ameshakaa. Kwake yeye Akhwari anakwenda mbele, hatua kwa hatua, hadi anapotea machoni. Kisha kalisha mstari wa mwisho. Kwa mstari, Akhwari anakuja, na mwishowe umbali wake na mstari ni sifuri, sawa kabisa na wa Wolde.

Majibu matatu, yote sahihi, mtu mmoja, barabara moja, jioni moja. Watoto wakiniuliza lipi ndilo jibu, nawaambia hesabu imemaliza kazi yake, sasa ni zamu yenu kujibu. Halafu nawaongezea jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ni mfupi kuliko ule uliompa Wolde dhahabu Mexico. Njia zilikuwa tofauti na Mexico iko juu sana, kwa hiyo simwambii mtoto amalizie kutoa na kutangaza mshindi. Namtaka ajue tu kwamba yule wa mwisho hakuwa mtu wa mwisho. Miguu ilikuwa yake muda wote. Nafasi ilikuwa ya jioni ile.

Turudi kanisani. Katika Luka sura ya 18 Farisayo anasimama hekaluni kuomba, na sala yake yote ni ya kutoa. Anajipima kwa wanyang'anyi, kwa wadhalimu, na mwisho kwa mtoza ushuru aliyesimama nyuma yake. Hesabu yake si ya uongo. Anafunga, anatoa zaka, yuko mbele kweli. Kosa lake ni kwamba amechukua namba iliyo kati yake na mwenzake, akaipeleka kwa Mungu kama mali yake. Mtoza ushuru hakumtafuta mtu wa kumpima. Angeweza. Katika kila mji yupo aliye chini yako.

Mathayo 20 inanisumbua zaidi, na nakiri sijawahi kuifundisha bila watoto kukasirika. Mwenye shamba anaajiri watu alfajiri, wengine saa tatu, wengine mchana, wengine saa kumi na moja jioni, na wote anawalipa dinari moja. Watoto wa wakulima wa hapa wanajua kibarua. Wanajua kulima tangu asubuhi kwenye ngwe ya mbaazi na kulipwa sawa na aliyekuja jua likizama. Wanasema si haki, na wakishasema hivyo nawauliza: wale wa alfajiri, kabla hawajamwona mwenzao akilipwa, walikuwa wameonewa? Walikubaliana dinari, wamepata dinari. Kilichobadilika ni nini? Mara nyingi darasa linanyamaza hapo, kisha anatokea mtoto anayesema, bado si haki. Simlazimishi abadilike. Mwenye shamba mwenyewe hakuwalazimisha.

Na ni lazima niwe mkweli kuhusu Paulo. Anawaandikia Wakorintho kwamba kwenye mashindano wote hupiga mbio lakini apokeaye tuzo ni mmoja. Hapo anazungumza kama mtu wa uwanjani, na anawataka wapige mbio kweli kweli. Sipendi wahubiri wanaoupita mstari huo haraka. Lakini ni Paulo huyo huyo, katika barua yake ya pili kwa watu hao hao, sura ya 10, anayewaita wasio na akili wale wanaojipima wao kwa wao. Nadhani anataka jasho la mbio bila sumu ya kutoa. Kama hilo linawezekana, ni kazi ya maisha mazima.

Mungu je, anatazamia wapi? Aristotle alifundisha kwamba lazima awepo mmoja anayevisogeza vyote pasipo yeye kusogezwa, na katika karne ya 13 Thomas wa Aquino akaichukua hoja hiyo kama njia ya kwanza ya kuonyesha kwamba Mungu yuko. Naiheshimu. Lakini Mungu wa namna hiyo, akiwa amesimama mahali ambapo sote tunampita, ningemwogopa kama mkaguzi mwenye saa mkononi. Ninayemsoma kwenye Maandiko anatembea. Anakwenda jangwani na watu wenye mahema, wanaotembea mwendo wa kondoo na watoto.

Luka sura ya 24 ina fumbo la kukutana njiani ambalo mwalimu wa hisabati hawezi kulipita. Wanafunzi wawili wanatoka Yerusalemu kwenda Emau, na Luka ametaja umbali: stadia 60, ambazo ni kilomita 11 hivi. Yesu anatoka nyuma, anawakaribia, anatembea nao. Ili awakute ilibidi aende haraka kuliko wao. Hadi hapo ni kijana na mzee wa ubaoni. Lakini fumbo la ubaoni linaishia pale wanapokutana, na kijana asiposimama baiskeli itampita mzee kwa ile ile kilomita 8 kwa saa. Huyu wa Emau alipowafikia alipunguza. Kutoka hapo mwendo wake kwao ulikuwa sifuri, njia nzima, na wao hawakumtambua.

Nimesema hapo juu kwamba sifuri haiwezi kutofautisha wanaokwenda pamoja na waliolala. Ndipo ninapopata jibu la swali la yule binti, kadiri ninavyoweza kujibu. Anayekwenda nawe sawasawa huonekana hasogei. Huna namba ya kumpima, kwa sababu ukitoa hakuna kinachobaki. Mtu anayeswaga ng'ombe tangu alfajiri peke yake anaweza kuapa kwamba hakuna aliyetembea naye, na hesabu haitampinga. Mimi naamini Mungu yuko na mzee kwa kilomita 4 na yuko na kijana kwa kilomita 12, na kwamba kwa kila mmoja anajua kilomita zote tangu mlangoni, pamoja na mahali ng'ombe walipokunywa maji. Kutoka alipo yeye mzee hajakaa. Hili siwezi kulithibitisha ubaoni. Naweza tu kuonyesha kwamba ubao haulikatazi.

Mwalimu mwenzangu, mtu mchapakazi kuliko mimi, huniambia: Madam, hayo ni ya Jumapili. Jumatatu nafasi za shule nzuri ni chache, na mtoto lazima ampite mtu. Ana hoja, na siombi mitihani ifutwe. Lakini hata Baraza la Mitihani, kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotolewa Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na shule hazikuanguka. Sisi huku chini bado tunaandika nafasi kwa kalamu nyekundu. Nimekaa kwenye kikao cha wazazi nikamwona mama akimfinya sikio mwanawe kwa sababu amekuwa wa 42 na muhula uliopita alikuwa wa 40. Nilikuwa na daftari la alama mkononi. Muhula uliopita mtoto huyo alipata 18 ya hisabati. Muhula huu alipata 41. Darasa zima lilikuwa limesogea, na yeye amesogea nalo, zaidi ya mara mbili ya alipokuwa. Ukitoa, alikuwa amerudi nyuma. Nilimwonyesha mama zile namba mbili. Alizitazama muda mrefu, akamwachia sikio, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, hakika ninayo, Mama, na aliyezipata ni huyu hapa.

Walimu wenzangu wa Hanang na Mbulu, ripoti za mwezi wa sita zinakaribia. Nafasi iandikeni kama shule inaitaka, lakini pembeni yake andikeni alama za muhula uliopita za mtoto huyo huyo. Ni namba moja zaidi na haigharimu karatasi. Nanyi wazazi, mkipokea ripoti, kabla hamjauliza amekuwa wa ngapi, ulizeni alikuwa na ngapi.